Uvimbe Ungali Ndimu

Kwenye skrini ya ultrasaundi, ini lenye afya lina sura ya mchanga wa pwani uliolowa: kijivu, wenye chembe laini zinazofanana. Mpimaji akikutana na doa lisilofanana na mchanga huo, husimamisha picha. Husogeza alama ndogo ya msalaba hadi ukingo mmoja wa doa, akabonyeza. Husogeza ya pili hadi ukingo wa upande wa pili, akabonyeza tena. Mstari wa nukta huunganisha alama hizo mbili, na chini ya skrini hujiandika namba: sentimita 2.4, au 5.1, au 11.

Mgonjwa aliyelala na jeli ya baridi tumboni haioni namba hiyo. Hata hivyo, ndiyo itakayoamua mengi kuliko jina la hospitali au umaarufu wa daktari, na mara nyingi kuliko fedha walizochanga ndugu waliokaa nje kwenye benchi.

Tuipeleke namba hiyo sokoni, tuiweke kwenye sinia la matunda. Sentimita 2 ni kunazi. Sentimita 3 ni ndimu ndogo. Sentimita 7 ni chungwa, na zaidi ya 10 ni embe dodo. Leo hii, mtu mwenye uvimbe wa saratani wa ukubwa wa ndimu kwenye ini anaweza kulazwa asubuhi, akachomwa sindano moja nyembamba iliyounganishwa na mtambo wa mawimbi ya maikrowevu, uvimbe ukaungua na kufa ndani ya dakika 10, naye akarudi nyumbani kesho yake akiwa na plasta ubavuni. Mwenye uvimbe wa embe dodo, kwa kawaida, hawezi. Mtambo ni ule ule na daktari ni yule yule, ila muda umeshapita.

Makala haya yanahusu mtambo huo: unavyofanya kazi, ulikotoka, unachoweza na usichoweza. Yanahusu pia muda ulio kati ya ndimu na embe, ambao kwetu Afrika Mashariki unapita kimyakimya bila mtu kuuhesabu.

Dakika kumi mezani

Mgonjwa hulazwa chali, mkono wa kulia ukiwekwa juu ya kichwa ili nafasi kati ya mbavu zipanuke. Ngozi husafishwa kwa dawa, shuka safi hutandazwa, na ganzi huchomwa mahali sindano itakapopita. Wengine hupewa dawa ya usingizi mwepesi, wengine nusu kaputi kabisa, kwa kuwa ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi na daktari anahitaji litulie.

Kifaa chenyewe kina sehemu tatu kuu. Kuna mtambo wa kuzalisha mawimbi, sanduku lenye skrini na vitufe ambalo huwekwa kwenye toroli kando ya kitanda. Kuna waya maalumu unaobeba mawimbi hayo. Mwisho wake kuna antena, ambayo kwa macho ya mtu wa kawaida ni sindano ndefu tu ya sentimita 15 au 20, yenye unene wa njiti ya kiberiti. Ndani ya sindano hiyo, maji ya baridi huzungushwa na pampu ndogo mfululizo. Kazi yake ni kulipoza shina la sindano ili ngozi na nyama inayopitiwa zisiungue. Joto linatakiwa lizaliwe kwenye ncha peke yake.

Daktari hutoboa ngozi kwa tundu la milimita chache. Mkono mmoja hushika kifaa cha ultrasaundi, mwingine husukuma sindano. Macho hayaangalii mkono, yako kwenye skrini, ambako sindano huonekana kama uzi mweupe unaosogea kuelekea doa. Sauti inayosikika chumbani ni moja: "Vuta pumzi, mama. Ishike hapo hapo. Haya, achia taratibu." Ncha inapofika katikati ya uvimbe, na daktari akishahakikisha kutoka pande mbili kwamba haikukosea, mtambo huwashwa. Nguvu huweza kuwa wati 60, wati 100 au zaidi, kwa dakika 5 hadi 10.

Ndipo skrini inapobadilika. Kuzunguka ncha ya sindano hutokea wingu jeupe, dogo kwanza, kisha linapanuka kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai. Hayo ni mapovu ya mvuke: maji yaliyomo ndani ya seli yamechemka. Wingu likishaufunika uvimbe wote na kupita kidogo, muda huwa umetimia. Sindano huvutwa nje polepole huku ikiunguza njia iliyopitia, ili damu isivuje na seli za saratani zisiburutwe kutoka ndani. Plasta hubandikwa, na kazi inakuwa imekwisha.

Joto linatoka wapi?

Aliyewahi kupasha kiporo cha wali kwenye maikrowevu amekutana na siri ya mtambo huu bila kuijua. Sahani hutoka ikiwa vuguvugu tu, wali ukawa unachoma ulimi. Hakuna moto uliowashwa wala chuma kilichopata joto. Joto limezaliwa ndani ya chakula chenyewe.

Sababu yake ni maji. Kila molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo, kama sumaku ndogo yenye ncha mbili. Wimbi la maikrowevu likipita, molekuli hizo hujaribu kugeuka kulifuata. Mitambo mingi ya hospitali hutumia masafa ya megahezi 2,450, yale yale ya jiko la nyumbani. Mingine hutumia megahezi 915. Megahezi 2,450 ni mizunguko bilioni 2 na milioni 450 kwa kila sekunde. Molekuli zinageuka, zinagongana, zinasuguana, na msuguano huo ndio joto. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ini ni maji, na uvimbe nao umejaa maji, joto hupanda haraka mno.

Kwenye nyuzijoto 60 za Selsiasi na kuendelea, protini za seli huganda papo hapo, sawa na ute wa yai unavyobadilika kuwa mweupe kikaangoni. Seli iliyoganda hivyo hairudi kuwa hai. Karibu kabisa na antena, joto huweza kuvuka nyuzi 100.

Wanaotengeneza antena hizi huzijaribu kwenye ini la ng'ombe, na atakayelipasua ini hilo baada ya jaribio ataelewa tiba hii kwa mtazamo mmoja. Katikati kuna mstari mweusi mwembamba, njia ya sindano. Kuuzunguka kuna eneo lililopauka, la rangi ya ini lililoiva, umbo lake kama yai lililolala kufuata urefu wa sindano. Pembeni kuna ukanda mwembamba wa waridi, halafu ghafla ini bichi, jekundu, lisiloguswa. Mpaka kati ya kilichoiva na kibichi ni wa milimita chache tu.

Watu wengi wakisikia neno maikrowevu huwaza mionzi, na wakiwaza mionzi huogopa. Mawimbi haya si mionzi ya nyuklia, wala si ile ya kutibu saratani kwa mashine za mionzi. Hayavunji vinasaba vya seli. Yanapasha joto basi, na mtambo ukizimwa hakuna kinachobaki mwilini.

Kwa nini ndimu?

Hapa ndipo namba ya kwenye skrini inapopata uzito wake. Saratani haina ukingo mnyoofu kama wa tunda. Seli chache huwa zimeshatambaa nje ya doa linaloonekana. Kwa hiyo daktari haunguzi uvimbe peke yake, bali huunguza na ukanda wa ini lenye afya unaouzunguka, wa milimita 5 hadi 10 kila upande. Uvimbe wa sentimita 3, ukiongezwa ukanda huo, unahitaji eneo la sentimita 4 hadi 5. Eneo hilo ndilo ambalo antena moja, ikichomwa mara moja, inaweza kuliivisha kwa uhakika.

Uvimbe wa sentimita 5 unahitaji eneo la sentimita 6 au 7. Sasa sindano moja haitoshi. Daktari analazimika kuchoma mara mbili, tatu, nne, akipandanisha maeneo yaliyoungua kama mtu anayefunika meza ya duara kwa sahani. Mahali sahani zisipokutana vizuri pana upenyo, na kwenye upenyo huo saratani huota tena. Madaktari stadi hufika sentimita 4, hata 5. Kupita hapo, uhakika hupungua haraka.

Kuna adui mwingine, nao ni mshipa wa damu. Mhunzi anajua kwamba chuma kikiwa motoni huku kinamwagiwa maji hakitaiva. Mshipa mnene unaopita kando ya uvimbe hufanya kazi ya maji hayo: damu inapita, inachukua joto, inaondoka nalo, na seli za upande huo zinasalimika. Njia ya zamani zaidi ya kuunguza uvimbe, inayotumia umeme wa masafa ya redio, iliteseka sana na jambo hili. Maikrowevu hupasha haraka zaidi na kufika mbali zaidi, kwa hiyo haishindwi sana na mshipa, na ndiyo maana hospitali nyingi duniani zimehamia huku. Umeme ule pia ulihitaji mgonjwa abandikwe bamba mapajani ili kufunga sakiti, na bamba hilo liliweza kuunguza ngozi. Maikrowevu haihitaji.

Hata hivyo tiba hii ina madhara yake, na mgonjwa anastahili kuyajua kabla ya kutia saini. Wengi hupata homa, uchovu na maumivu kwa siku kadhaa, mwili unaposafisha mabaki ya kilichoungua. Wachache hutokwa na damu ndani, hupata jipu, au hujeruhiwa mirija ya nyongo. Uvimbe ukiwa umegusana na utumbo, daktari huweza kudunga maji maalumu katikati ili kuvitenganisha kabla ya kuwasha mtambo. Mgonjwa aliyejaa maji tumboni, mwenye macho ya njano, au ambaye saratani imeshasambaa, kwa kawaida hafai kwa tiba hii. Na kwa saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, kuunguza uvimbe hakuponyi ini lililouzaa. Kwa wagonjwa wengi uvimbe mwingine huweza kuota ndani ya miaka 5, na ndiyo maana picha ya CT ya mwezi mmoja baadaye huwa mwanzo tu wa safari ndefu ya kurudi kupimwa.

Kutoka rada hadi ini

Mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani, wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot, walitengeneza kifaa kidogo cha shaba kilichoweza kuzalisha mawimbi mafupi kwa nguvu ambayo haikuwahi kuonekana. Kifaa hicho, magnetroni, kiliifanya rada iwe ndogo kiasi cha kupakiwa kwenye ndege na ikaona kwa usahihi zaidi. Mwaka 1945, huko Massachusetts, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, fundi aliyekulia umaskini na hakumaliza hata shule ya msingi, alisimama karibu na magnetroni inayofanya kazi akagundua kwamba pipi iliyokuwa mfukoni mwake imeyeyuka. Mwaka huo huo aliomba hataza ya kupika kwa mawimbi. Jiko la kwanza la biashara, la mwaka 1947, lilikuwa na kimo cha mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300.

Waliolipeleka wazo hilo kwenye ini ni Wajapani. Mwaka 1979 daktari wa upasuaji Katsuyoshi Tabuse alieleza jinsi ya kutumia maikrowevu kugandisha damu wakati wa kukata ini, kiungo kinachovuja damu kama sifongo. Mwaka 1994 Toshihito Seki na wenzake walipiga hatua iliyobadilisha kila kitu. Bila kupasua tumbo, wakiongozwa na ultrasaundi, waliingiza sindano ya maikrowevu kupitia ngozi na kuunguza vivimbe vya saratani kwa wagonjwa 18. Vivimbe hivyo havikuzidi sentimita 2. Vilikuwa kunazi.

Swali la kujiuliza ni hili: Wajapani walizipata wapi kunazi? Saratani ya ukubwa huo haiumi na haionekani kwa macho. Walizipata kwa sababu nchi yao ilikuwa imeshajenga desturi ya kuwapima kwa ultrasaundi, mara kwa mara, watu wenye homa ya ini na ini lililosinyaa, hata wanapojisikia wazima. Hii sindano haikuja ikatafuta wagonjwa wa kuwatibu. Wagonjwa wenye uvimbe mdogo walikuwa wameshapatikana, ndipo sindano ikatengenezwa kwa ajili yao.

Tangu hapo tiba hii imefika kwenye mapafu, figo, tezi ya shingo na mifupa, na ushahidi wake umeimarika. Utafiti uitwao COLLISION, uliofanyika katika hospitali za Uholanzi, Ubelgiji na Italia, uliwagawa kwa kura takriban wagonjwa 300 ambao saratani ya utumbo mpana ilikuwa imepeleka vivimbe kwenye ini, kila kimoja kisichozidi sentimita 3. Nusu walipasuliwa, nusu waliunguzwa uvimbe kwa joto. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana: waliounguzwa hawakuishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa, walipata madhara machache, na walikaa hospitali siku 1 badala ya 4. Matokeo yalitangazwa Chicago mwaka 2024. Ndimu, kwa mara nyingine.

Miezi miwili na nusu

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani ya ini kutoka nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda. Nusu ya wagonjwa walikuwa wa Misri, nusu wa nchi nyingine 8. Nchini Misri, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10 baada ya kugundulika. Katika nchi nyingine, nusu walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili na nusu. Huko Misri, wagonjwa 76 kati ya 100 walipata walau tiba moja ya saratani yenyewe. Kwingineko walikuwa 3 kati ya 100. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 58 kwa Misri, na 46 kwetu. Miaka 46 ni umri wa mtu mwenye watoto sekondari.

Wengi wetu tumekaa kwenye misiba hiyo. Tumesikia maneno yale yale chini ya turubai: alianza kulalamika tumbo, akakonda, macho yakawa ya njano, hakumaliza miezi mitatu. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, kwa kuwa ugonjwa uliokuja kwa kasi vile hauelezeki. Unaelezeka. Haukuja kwa kasi.

Ndani ya nyama ya ini hakuna hisia ya maumivu. Maumivu huanza pale ngozi nyembamba inayolifunika inapovutwa na uvimbe uliokua. Kwa wastani, uvimbe wa saratani ya ini huchukua takriban miezi mitano kuongezeka ujazo mara mbili, ingawa kuna unaokua haraka zaidi na kuna unaojikokota. Kutoka sentimita 3 hadi 9 ujazo huongezeka mara 27, sawa na kurudufu mara karibu 5. Kwa hesabu hiyo ya wastani, kati ya ndimu na embe kuna kama miaka miwili. Ni miaka miwili ambayo mtu analima, anafanya biashara, anacheza na wajukuu, hajui. Mdharau mwiba, walisema wahenga, guu huota tende; lakini mwiba huu hauchomi, na asiyeuhisi hawezi kulaumiwa kwa kuudharau. Ni lazima kuwe na anayeutafuta kwa niaba yake.

Misri ilijifunza hilo kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali yake ilipambana na kichocho vijijini kwa sindano zilizotumiwa tena na tena bila kuchemshwa ipasavyo, na bila kukusudia ikaeneza homa ya ini aina ya C kwa mamilioni. Ini la taifa likaugua. Kutokana na msiba huo, Misri ikajenga kliniki za ini, ikafundisha madaktari, ikazoea kuwapima watu kwa ultrasaundi na kuunguza vivimbe vikiwa vidogo. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima damu za watu karibu milioni 50. Tofauti ya miezi 10 na miezi miwili na nusu inatokana na mpangilio, na mpangilio unaweza kujengwa.

Mikono ipo

Kwa upande wa utaalamu, hatuanzi sifuri. Oktoba 2018, timu ya kwanza ya wakufunzi wa tiba radiolojia, ile taaluma ya kutibu kwa sindano na mirija chini ya picha, ilifika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa ushirikiano na madaktari wa vyuo vikuu vya Marekani, kikiwemo Yale. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo. Mkono unaojua kupitisha sindano kati ya mbavu ili kutoa usaha kwenye ini au kufungua mrija wa nyongo ulioziba ni mkono ule ule unaoweza kupitisha antena.

Mtambo wenyewe hununuliwa mara moja, ila antena hutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja kisha hutupwa. Hapo ndipo gharama inapojirudia kila siku ya tiba, na ndipo bima ya afya inapotakiwa kukaa mezani na hospitali mapema, kabla mgonjwa hajafika mlangoni akiambiwa kwamba mashine ipo, sindano yake haipo.

Lakini mtambo bora kuliko wote, ukiwekwa kwenye nchi ambayo wagonjwa hufika na embe, utakaa umefunikwa kwa shuka. Kwa hiyo anayeutaka mtambo huu, na mimi ni mmoja wao, anapaswa kudai kwa sauti hiyo hiyo mambo mengine ambayo ni ya bei nafuu zaidi.

La kwanza ni kipimo cha damu cha homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na virusi hivyo, na ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya ini kwetu. Wako wanaogundua siku wanapochangia damu, wakapewa karatasi, wakaikunja mfukoni na kurudi kazini. Karatasi hiyo isikunjwe. Vipo vidonge vya kumeza kila siku, tenofovir mojawapo, ambavyo hutuliza virusi na kupunguza hatari ya saratani kwa wanaovihitaji. Ambaye hana virusi na hajachanjwa, achanjwe. Watoto wetu hupata chanjo hii kliniki, na Taiwan, iliyoanza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, iliona saratani ya ini kwa watoto ikishuka.

La pili ni ultrasaundi kila baada ya miezi 6 kwa mwenye homa ya ini B ambaye daktari amemwona yuko kwenye hatari, na kwa kila mwenye ini lililosinyaa. Miongozo ya kimataifa imewahi kupendekeza kwamba Mwafrika mwenye virusi hivi aanze kupimwa mapema, hata akiwa na miaka 20 na kitu, kwa sababu saratani hii humwahi. Miezi 6 haikuchaguliwa kwa bahati: ndani ya muda huo uvimbe wa kawaida hurudufu mara moja hivi, yaani kunazi ya sentimita 2 huwa sentimita 2.5. Bado haijawa ndimu. Mashine za ultrasaundi zimeshafika hospitali nyingi za wilaya, ambako hutazama vichanga matumboni mwa mama zao kila siku. Zinaweza kutazama maini pia.

La tatu liko jikoni na ghalani. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, hushirikiana na homa ya ini B kuliharibu ini, na viwili hivyo vikikutana hatari huzidi kwa mbali jumla yake. Kenya iliona sumu hiyo ikiua haraka mwaka 2004, watu 125 kati ya 317 walioathirika, wengi wao Makueni na Kitui. Dodoma na Manyara ziliiona mwaka 2016. Lakini mara nyingi zaidi huua polepole, kwa dozi ndogo ndogo za uji na kisamvu cha karanga. Kuchemsha hakuiondoi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitolewe na kutupwa: zisisagwe, zisipewe kuku, zisiuzwe kwa bei ya kutupa kwa asiye na uwezo. Mahindi yaanikwe kwenye turubai, si udongoni, na yakauke kabla ya kuingia guniani.

Mtu akifuata hayo, huenda asiione kamwe ile sindano ndefu yenye unene wa njiti ya kiberiti. Na akiihitaji, ataikuta inamfaa.

Siku hiyo atalala chali, mkono juu ya kichwa, jeli ya baridi ubavuni. Mpimaji atasimamisha picha. Msalaba wa kwanza utakwenda ukingo mmoja, wa pili ukingo mwingine, mstari wa nukta utapita katikati. Nje kwenye benchi ndugu watakuwa wanasubiri, na namba itakayojiandika itakuwa ya kunazi.